Hukumu Imetoka, Halafu?

 

Leo nianzie shambani. Tarehe 24 Agosti 1988, huko Muleba, mkoa wa Kagera, mama mmoja wa Kihaya aliuza shamba alilorithi kwa baba yake. Alilipata kwa wosia halali. Umri ulikuwa umemtupa mkono, na hakuwa na mtu wa kumtunza. Akapata mnunuzi, wakapatana shilingi 300,000. Kasoro ilikuwa moja: mnunuzi hakuwa wa ukoo, na shamba lilikuwa la ukoo. Anayeijua Kagera anajua uzito wa neno kibanja, yaani shamba kama hilo. Humo mna migomba na mibuni, na mna makaburi ya wazee.

Kesho yake, tarehe 25, kijana wa ukoo aliyemwita mama yule shangazi alikuwa ameshafungua kesi Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Siku moja tu! Wengine wetu tunamaliza mwezi tukitafuta nauli ya kwenda kuulizia faili. Alitaka mauzo yabatilishwe, kwa hoja kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Na alikuwa na maandishi ya kuegemea. Sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema mwanamke aweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie maisha yake yote, ila asiiuze. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Mauzo yakafutwa, mama akaamriwa arudishe fedha za watu.

Mama hakukubali. Akapanda Mahakama ya Wilaya ya Muleba, na hakimu wa pale akaitazama kesi kwa jicho jingine. Akasema Katiba sasa ina haki za binadamu ndani yake, na haki hizo ni sawa kwa mwanamume na mwanamke. Kijana naye akakata rufani Mahakama Kuu, Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akasoma hukumu ambayo wanasheria mpaka leo wanaiita Ephraim dhidi ya Pastory, yaani kijana dhidi ya shangazi yake. Akasema kanuni ile ya kumzuia mwanamke kuuza inapingana na ibara ya 13 ya Katiba inayokataza ubaguzi, kwa hiyo tangu hapo mwanamke na mwanamume wa Kihaya wako sawa mbele ya shamba la ukoo. Ukoo ukilitaka shamba, ulikomboe kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake, kama ambavyo ungefanya mwanamume angeuza.

Naomba uishike ile tarehe ya kuuza, Agosti 1988, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini nimeanza na mama yule.

Tulipopata uhuru mwaka 1961, Katiba yetu haikuwa na sura ya haki za binadamu. Viongozi wa wakati ule waliikataa waziwazi. Walisema nchi changa inayotaka kubadilisha mambo haraka itafungwa mikono na mahakama. Mwaka 1965, tulipoingia rasmi mfumo wa chama kimoja, suala likaletwa tena mezani na likakataliwa tena. Badala yake tukapewa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya kusikiliza malalamiko. Ilibidi tusubiri hadi mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 ndipo haki zikaingia. Hata hapo hazikuingia na ufunguo. Sheria nyingine ya mwaka huohuo ilisema hakuna atakayezitumia haki hizo kuipinga sheria iliyopo mpaka ipite miaka mitatu, ili serikali ipate muda wa kusafisha nyumba yake. Miaka mitatu hiyo iliisha Machi 1988.

Hesabu nami. Machi hadi Agosti ni miezi mitano. Mlango ulikuwa haujamaliza hata nusu mwaka tangu ufunguliwe, na wa kuupita akawa mama mzee wa Muleba aliyekuwa anatafuta fedha za kujikimu. Hakwenda kutetea haki za wanawake wa Tanzania. Alikwenda kutetea laki zake tatu. Ndivyo kesi kubwa nyingi zinavyozaliwa, msikilizaji. Mtu anadai chake, na katika kudai chake anaondoka na chetu.

Basi baada ya mlango kufunguka, kesi zikaanza kuja. Kulikuwa na ile ya Daudi Pete, mshtakiwa wa unyang'anyi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, kifungu cha 148, ilisema makosa fulani hayana dhamana. Hakimu hana la kuangalia. Ukishatajwa tu, ni mahabusu mpaka kesi iishe. Jaji alikuwa yuleyule Mwalusanya, na akasema hapana. Serikali ikakata rufani. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakubali kwamba kile kipengele kilichomhusu mshtakiwa yule kinavunja Katiba. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: wavu ule ni mpana mno. Unamkamata mtu wa hatari na asiye wa hatari pamoja, na haumpi yeyote nafasi ya kujieleza.

Kulikuwa pia na kesi ya Kukutia Ole Pumbun, iliyoamuliwa Arusha mwaka 1993. Kabla yake, ukitaka kuishtaki serikali ilibidi kwanza upate ridhaa ya serikali yenyewe. Ni kama kumwomba aliyekukanyaga akuruhusu kusema umekanyagwa. Mahakama ya Rufani ikakifuta kifungu hicho. Leo unapeleka notisi ya siku 90, siku zikiisha unafungua kesi yako. Wanaoidai halmashauri fidia ya kiwanja hivi sasa, wengi hawajawahi kulisikia jina la Ole Pumbun, lakini wanapita katika njia aliyoichonga yeye.

Sasa nije kwa mchungaji.

Mchungaji Christopher Mtikila wengi tunamkumbuka kwa sauti yake jukwaani na kwa maneno makali, mengine ambayo mimi binafsi sikuyapenda hata kidogo. Lakini katika historia ya mahakama zetu sidhani kama kuna raia aliyeisumbua Katiba kama yeye. Mwaka 1993 alifungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma. Alikuwa na mambo mengi, mawili ndiyo yaliyotikisa. La kwanza, kwa nini mkutano wa hadhara uombewe kibali? La pili, kwa nini mtu asiye na chama asigombee?

Hili la pili si jambo geni kwetu, ingawa husemwa kama ni geni. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja, cha Mbulu, alikipata Herman Sarwatt, aliyesimama kwa jina lake mwenyewe bila chama. Mgombea binafsi alikuwepo kabla hata bendera ya uhuru haijapanda.

Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa Mtikila yote mawili. Kuhusu mikutano, akasema kibali kinaua uhuru wa kukusanyika, taarifa kwa polisi inatosha. Kuhusu mgombea binafsi, akasema raia ana haki ya kushiriki utawala wa nchi yake bila kulazimishwa kuingia chama. Na kuna kipande cha hukumu ile ninachokipenda kuliko vyote. Serikali ilihoji kama Mtikila anastahili kusimama mahakamani kwa mambo ya watu wote. Jaji akajibu kwa kuitazama nchi aliyokaa ndani yake: wananchi wengi ni maskini, wengi hawazijui haki zao. Ukisema kila mmoja aje mwenyewe, maana yake umesema asije mtu. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua kuilinda Katiba, basi aliyejitokeza asikilizwe.

Furaha haikudumu. Muswada wa kufunga mlango wa mgombea binafsi ulikuwa umeshapelekwa bungeni kesi ikiwa bado inaendelea. Disemba 1994 Bunge likaupitisha, na Katiba yenyewe ikabadilishwa ili ulazima wa chama ubaki. Hapo ndipo nilipojifunza, nikiwa bado kijana wa kusikiliza redio kwenye kibaraza cha baba, kwamba kushinda kesi na kupata haki vinaweza kupishana njiani bila kusalimiana.

Mtikila akarudi. Mwaka 2005 akafungua kesi nyingine, na mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi tena. Serikali ikaenda Mahakama ya Rufani. Tarehe 17 Juni 2010 majaji saba, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema suala hili ni la kisiasa, liachwe kwa Bunge. Bunge lilelile. Mtikila akashika njia ya Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na safari hii hakuwa peke yake. Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao walifungua kesi juu ya jambo hilohilo, zikaunganishwa. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki zao, irekebishe Katiba na sheria zake ndani ya muda unaofaa.

Jaji Ramadhani mwenyewe baadaye, mwaka 2014, alichaguliwa kuwa rais wa mahakama hiyohiyo ya Arusha. Na mwaka 2015 alipotaka kugombea urais wa Tanzania, alichukua fomu kupitia CCM, maana bila chama njia haikuwepo. Sisemi kwa kejeli, Mungu amrehemu, alikuwa jaji mwenye heshima. Nasema tu jinsi mambo yalivyozunguka.

Mtikila alifariki katika ajali ya gari huko Pwani tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Karatasi za kura za mwaka ule hazikuwa na mgombea binafsi hata mmoja.

Na ile nusu nyingine ya ushindi wake, mikutano? Kwa miaka mingi ilisimama. Vyama vilipeleka taarifa polisi saa 48 kabla, vikahutubia, wakati mwingine vikakorofishana na polisi, lakini kanuni ilikuwa ile ya Lugakingira. Kisha katikati ya mwaka 2016 ikatoka kauli ya Rais kwamba mikutano ya siasa isimame mpaka uchaguzi mwingine, kila mbunge abaki jimboni kwake. Hakuna mahakama iliyofuta hukumu ya 1994. Kauli tu ilitosha. Mikutano iliruhusiwa tena tarehe 3 Januari 2023, nayo ikawa habari kubwa, watu wakashukuru kama waliopewa zawadi. Nilimsikia mzee mmoja kwenye daladala akisema, "Mama katuruhusu," akimaanisha Rais wa wakati huo. Nilitaka kumwambia, mzee wangu, hiki kitu tulikuwa nacho tangu mwaka tisini na nne. Nikanyamaza, konda alikuwa anadai nauli.

Msikilizaji, huenda unajiuliza kama basi mahakama zina maana yoyote. Zina maana, ila usizidai miujiza. Nikupe mfano wa Rebeca Gyumi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mvulana awe na miaka 18 ndipo aoe. Msichana akiwa na 15, mzazi akiridhia, anaolewa. Gyumi, mwanasheria kijana, akaenda Mahakama Kuu kusema huu ni ubaguzi. Tarehe 8 Julai 2016 akashinda, na serikali ikapewa mwaka mmoja kuirekebisha sheria. Serikali ikakata rufani. Sehemu ya hoja yake ilikuwa kwamba vifungu vile vinazingatia mila na dini za watu, tena vinamkinga msichana. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo. Majaji wakakumbusha kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yule aliye chini ya miaka 18. Huwezi kumwita mtoto asubuhi shuleni, jioni ukamwita mke.

Ukiuhesabu ule mwaka mmoja hata kuanzia siku ya rufani, uliisha Oktoba 2020. Ukaisha na sheria ikiwa vilevile. Hata hivyo mwalimu mkuu, mtendaji wa kata au shangazi mwenye msimamo akiambiwa binti anaozwa, ana kitu cha kushika mkononi. Ana hukumu ya mahakama ya juu kabisa nchini. Zamani alikuwa na huruma yake tu.

Wengine hawakupata hata hicho. Wajane wawili, mirathi ya waume zao ikiwa imeamuliwa kwa mila za Kisukuma, walitolewa kwenye nyumba walizoishi na waume zao. Wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba sheria za mila zile zina ubaguzi, ikakataa kuzifuta, kwa hofu kwamba ikigusa mila moja itabidi iguse zote. Walipokata rufani, rufani ikaondolewa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati ya mahakama, kasoro ambayo wao hawakuifanya. Ilibidi kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iseme mwaka 2015 kwamba wamedhulumiwa. Linganisha na mama wa Muleba. Sheria za mila ni zilezile za mwaka 1963, Katiba ni ileile, ibara ileile ya 13. Tofauti ilikuwa jaji. Hili halisemwi sana na wasomi wa sheria kwa sababu linawaaibisha, lakini mimi si msomi wa sheria.

Na dhamana je? Bunge baadaye lilikiandika upya kifungu cha 148, unyang'anyi wa kutumia silaha ukawekwa kwenye orodha ya yasiyodhaminika, pamoja na mengine kama utakatishaji fedha. Mei 2020 Mahakama Kuu ikasema, katika kesi ya Dickson Sanga, kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Agosti ya mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, ikasema kifungu kiko sawa. Miezi mitatu tu. Kwa spidi hiyo natamani kesi za viwanja nazo zingepelekwa huko.

Mwaka 2020 huohuo likatokea jambo ambalo lilipita kimya, maana watu walikuwa na korona na uchaguzi. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ilirekebishwa. Kwa marekebisho hayo, aliyefungua kesi ya haki alilazimika kuapa kwa maandishi, aeleze uvunjaji huo umemgusa yeye binafsi kwa kiasi gani. Rudi kwa Lugakingira, rudi kwa nchi ya maskini wasiojua haki zao. Gyumi alipokwenda mahakamani hakuwa binti wa miaka 15 anayeozwa. Alikwenda kwa niaba ya mabinti ambao hawawezi kupata nauli ya kutoka kijijini, achilia mbali wakili. Je, chini ya sharti hili angesikilizwa? Jirani zetu Kenya, Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 22, inamruhusu mtu kufungua kesi kwa niaba ya mwingine, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma. Sisi tuliokuwa na mlango mpana tangu 1994 tuliupunguza wenyewe.

Kuna jambo jingine dogo nataka kulisema kabla fundi mitambo hajaniwashia taa. Mwezi uliopita nilikuwa nje ya masjala ya mahakama moja, nimemsindikiza jirani. Mama mmoja akaja na bahasha ya kaki iliyokunjika kona, akatoa nakala ya hukumu ya Mahakama Kuu, kurasa kumi na moja. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa wamesema nimeshinda au nimeshindwa?" Nikafunua ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameshinda. Alikuwa amekaa na ushindi wake ndani ya bahasha wiki mbili bila kujua, kwa sababu uliandikwa kwa Kiingereza. Alinishika mkono, akauliza tena, kana kwamba mimi ndiye jaji. Hukumu kubwa nilizozitaja jioni hii ziliandikwa kwa lugha hiyohiyo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Nawaomba waheshimiwa majaji mtusaidie: angalau zile zinazohusu haki zetu, zitafsirini zote, na zile za zamani pia. Anzeni na ya mama wa Muleba.

Na wewe uliye nyumbani, kama una nakala ya Katiba, itoe kabatini. Kama huna, itafute kwenye simu ya mwanao, imo kwa Kiswahili. Fungua ibara ya 30, ibara ndogo ya tatu. Inasema mtu yeyote anayedai haki yake imevunjwa, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa anaweza kufungua shauri Mahakama Kuu. Haikungoji uumie kwanza. Isome kwa sauti, wenzako wa nyumbani wasikie.